Mrejesho: bembea za Idi na mtoto wa miaka 5

Ndugu zangu, nimerudi. Kabla ya Idi niliuliza kama bembea za viwanjani hapa Tanga, hasa lile gurudumu kubwa na zile za minyororo, zitamtisha binti yangu wa miaka 5. Kaka yake wa miaka 8 sikumuulizia, yule haogopi kitu.

Ahsanteni sana. Aliyesema "mpeleke mapema, kabla ya Magharibi" kaniokoa. Tulifika saa kumi, spika bado hazijafunguliwa zote. Tukasimama tu tukitazama mizunguko mitatu, yeye akila ubuyu, kisha mwenyewe akaonyesha kidole vifarasi vya kuzunguka. Akapanda mara nne! Nadhani kilichomtisha mwaka jana si kasi, ni jenereta na mayowe ya watu wazima.

Gurudumu sasa. Nilifuata ushauri wa kumpakata, na mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Liliposimama sisi tukiwa juu, ili wengine wapande chini, kiti kikaanza kuyumba. Alilia mpaka tukashushwa. Kosa langu: nilimwona anasita, nikambembeleza.

Aliyetapika ni kaka mtu, kwenye minyororo, baada ya chipsi mayai. Dada mmoja alinionya kabisa kwamba macho na sikio la ndani vikipishana habari, tumbo ndilo linalolipa. Sikusikia.

Usiku binti akaniuliza: "Baba, Idi ya kuchinja vifarasi vitakuja tena?"