Prado au Discovery 4: kwa safari ya Dar hadi Ludewa, pesa iende wapi?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili bila ushabiki. Swali hili hurudi kila mtu anapofikia hatua ya kuachana na gari dogo: achukue Toyota Prado ya toleo la 150, au kwa bei ile ile, mara nyingi hata chini yake, achukue Land Rover Discovery 4 yenye viti vya ngozi na paa la kioo? Nimelisikia ofisini, nimelisikia misibani, na sasa limeingia nyumbani kwangu. Mimi na mke wangu tumeweka akiba miaka sita na mwaka huu tunanunua.

Upande wangu ni Prado. Ila hoja nyingi za wenzangu wa Toyota ni dhaifu na zinatuharibia.

Wanasema Discovery ni gari la kujionyesha tu. Si kweli. Nimesafiri na ya shemeji yangu kutoka Dar hadi Njombe, na pale kwenye mlima wa Kitonga nilielewa kwa nini mwenye nayo haambiliki. Ile dizeli ya lita 3.0, SDV6, ina nguvu ya kuvuta inayofika Nm 600. Prado TX ya petroli ya lita 2.7, ambayo ndiyo tunayoiona zaidi kutoka Japani, ina Nm 246, na za otomatiki za kabla ya 2015 zina gia nne tu. Ukiwa nyuma ya lori la mizigo kwenye zile kona, tofauti hiyo unaipima kwa moyo wako. Halafu siti za nyuma kabisa. Mama yangu ana miaka 71, alikaa huko na akashuka Iringa bila kushika magoti. Siti ya tatu ya Prado ni ya watoto.

Kwa hiyo tukipima gari kwa gari, Discovery 4 ni bora. Nalisema hili nikiwa mtu wa Prado.

Kilichonigeuza ni safari nyingine, mwaka uliofuata. Shemeji alifiwa na baba yake mdogo, tukaondoka Dar usiku. Karibu na Mafinga taa ya springi za upepo ikawaka, na tuliposimama gari likakaa chini lote, matairi yakaingia ndani ya madigadi. Fundi wa kwanza alitaka kufungua kwa kubahatisha. Wa pili alikuwa na mashine ya kusoma makosa, lakini haikusoma Land Rover. Kompresa, ile pampu inayojaza upepo kwenye springi, ilikuwa imeungua. Tuliliacha gari pale, tukapanda basi, na tulifika kaburi likiwa limeshafukiwa. Gari lilikaa Mafinga siku tisa, likisubiri kompresa kutoka Nairobi.

Prado nayo huharibika. Lakini ikifia Mafinga au Makambako, fundi utakayemkuta amekua akifungua Land Cruiser, ndugu zake Prado, za misheni, za hospitali na za miradi. Kifaa asichonacho kinapakiwa kwenye basi Dar leo, kesho kipo mkononi. Kwangu mimi ninayepanda Ludewa mara tatu kwa mwaka na wazee ndani ya gari, hilo linazidi ngozi na paa la kioo.

Na ile bei ya chini ya Discovery tusiiite nafuu. Iliundwa kati ya 2009 na 2016, kwa hiyo yoyote utakayoiagiza leo inabeba ushuru wa ziada wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, asilimia 30 likizidi hapo. Prado ya 150 iliendelea kuundwa hadi 2023, kwa hiyo bado unaweza kupata ya miaka ya karibuni ukakwepa mzigo huo. Inabidi ulipie zaidi kule Japani, nakubali.

Nipingeni.

Mchangiaji, Arusha

Mkuu, pole sana kwa kumkosa mzee. Ila nakupinga, kwa sababu kompresa ile haikufa ghafla Mafinga. Ilianza kufa miezi kadhaa kabla, na mwenye gari hakusikiliza.

Nina Discovery 4 mwaka wa tano sasa. Mabegi ya upepo, yaani hizo springi, ni mpira, na mpira huzeeka. Begi moja likianza kuvuja kidogo kidogo, kompresa inafanya kazi muda wote kuliinua gari hadi inaungua. Dalili zipo wazi: asubuhi unakuta kona moja imelala, au ukiwasha gari linachelewa kunyanyuka. Nilibadilisha mabegi yote manne kabla hayajanisumbua, nikanunua na kifaa changu cha kusoma makosa cha Land Rover. Kinakaa ndani ya gari. Yeyote anayenunua Discovery bila kutenga pesa ya kifaa hicho hajamaliza kununua.

Jambo la pili, mafundi. Nyanda za Juu Kusini sawa, nakuachia. Lakini hapa Arusha Land Rover ni gari la kazi tangu enzi za baba zetu, kwa sababu ya utalii. Oktoba 2024 tulipofanya tamasha la Land Rover, mji mzima ulijaa magari ya kila umri, mengine ya zamani sana, yote yamefika kwa injini zake. Usiandike kana kwamba Tanzania nzima ni Mafinga.

Fundi, Dar es Salaam

Nafungua yote mawili, kwa hiyo niseme ninachokiona kwenye meza yangu.

Arusha ameongelea upepo. Upepo ni jambo dogo. Kinachoua Discovery ya dizeli ya lita 3.0 ni chini kwenye injini: beringi za kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, zinazunguka, kranki inakatika, na hapo umenunua injini nyingine. Hakuna taa inayokuonya mapema. Wanaodumu nazo ni wale wanaobadilisha oili kila kilomita 8,000 na kuweka ile iliyoandikwa kwenye kitabu, wasifuate ratiba ndefu ya Ulaya. Na gari likitoka Uingereza, lipandishe juu uangalie uvungu wote. Barabara zao humwagiwa chumvi wakati wa baridi na kutu inaanzia huko kusikoonekana.

Sasa watu wa Prado, msishangilie. Ile dizeli yake ya lita 3.0, injini inayoitwa 1KD, haikuwa ikiuzwa ndani ya Japani kwenye Prado 150. Nyingi zilizoko mtaani ni za miradi na balozi, zimeuzwa kwa mnada hapa hapa, na zimetembea kweli. Ugonjwa wake ni washa za shaba, vile vipete vya kuziba, chini ya nozeli zinazopuliza dizeli. Zikichoka, moshi wa mlipuko unashuka kwenye oili, oili inakuwa lami, chujio la chini linaziba na injini inakosa oili ikiwa barabarani. Washa zenyewe ni za bei ndogo kabisa. Nimeona injini nne zimekufa kwa sababu ya kutozibadilisha.

Halafu feki. Kwa kuwa kila mtu ana Toyota, kila mtu anatengeneza spea feki za Toyota. Kariakoo utauziwa filta ya oili yenye boksi zuri kuliko ya kweli, ndani karatasi inachanika kwa vidole. Mleta mada anasema spea inafika kesho kwa basi. Inafika, ndiyo. Aulize ni ipi iliyofika.

Na moja ya mwisho, maana nadhani hajaliwaza. Akitaka dizeli ya Prado kutoka Japani itakuwa ya 2015 kwenda mbele, lita 2.8. Hiyo ina chujio la masizi kwenye egzosi na tangi dogo la maji ya urea ya kusafisha moshi, yale wanayoyaita AdBlue. Yakiisha na ukaendelea kupuuza onyo, gari litakataa kuwaka. Ile Prado rahisi ya misheni anayoiwaza si hii.

Mchangiaji, Nairobi

Kwetu sheria imeshaamua nusu ya mjadala. Gari lililotumika haliingii Kenya likizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo Discovery 4 mlango umefungwa. Anayeitaka anainunua kutoka kwa mwenyeji mwingine, na hapo cha kudai ni karatasi za sevisi, moja baada ya nyingine. Asiye nazo, ondoka.

Mleta mada

Fundi, umenigusa. Nilikuwa nimechagua 2.8 hiyo hiyo na nilikuwa nazungumza na yadi kuhusu gari moja, kwa sababu petroli ya 2.7 naiona nzito kwa Kitonga. Kuhusu urea muuzaji hakunieleza chochote, na mimi sikuuliza.

Arusha, nakubali kwamba dalili zilikuwepo. Nimempigia shemeji jana, amesema kona ya nyuma kushoto ilikuwa ikilala asubuhi karibu miezi miwili, akadhani ni tairi. Hata hivyo msimamo wangu haujahama. Shemeji ni mwalimu, si mpenzi wa magari, na wanunuzi wengi ni kama yeye. Gari linalomtaka mwenyewe awe nusu fundi ni sahihi kwako, kwake si sahihi.

Ila sasa sina jibu la kwangu mwenyewe. Ni 2.7 ya petroli niivumilie mlimani, au 2.8 na maji yake. Nawaomba wenye Prado ya 2.8 kutoka Japani mnaoishi Iringa, Njombe, Songea au Mbeya: urea mnainunua wapi, tangi moja linawafikisha kilomita ngapi, na lile chujio la masizi limewahi kuziba mkiwa mbali na mji? Nalipa malipo ya awali mwisho wa mwezi.