Wimbledon 2025: Alcaraz, Sinner au Djokovic? Wekeni utabiri kabla ya Jumatatu

NyasiFupi:
Wakuu habari za wikiendi. Droo ya Wimbledon, yale mashindano ya tenisi ya London yanayochezwa kwenye nyasi, imetoka Ijumaa na mimi tangu hapo sijatulia, naichora na kuichora upya kwenye daftari. Kwa wanaume naona majina matatu tu, Carlos Alcaraz, Jannik Sinner na Novak Djokovic, hao wengine kina Zverev na Fritz mnisamehe, siwaoni wakishinda mechi saba kwenye nyasi. Naomba tuwalinganishe kwa hoja, mtu asije tu kusema nampenda fulani.

Mimi ni Alcaraz. Bingwa 2023, bingwa 2024, Jumapili iliyopita kachukua Queen's, mashindano ya nyasi ya kabla ya Wimbledon, kwa kumfunga Lehecka na sasa hivi ana mechi 18 mfululizo hajafungwa. Akichukua tena anakuwa na matatu mfululizo, na tangu 1968 wachezaji wa kulipwa waruhusiwe kushiriki wanaume waliofanya hivyo ni wanne tu, Borg, Sampras, Federer na Djokovic. Ila mimi simchagui kwa rekodi, namchagua kwa miguu yake. Angalieni siku mbili tatu za mwanzo nyasi zikiwa bado za kijani, zina utelezi, wachezaji wanakimbia kama mtu anayepita kwenye vigae vyenye maji ya sabuni, wanaogopa kugeuka ghafla, yeye anageuka tu. Halafu dropshoti yake, ule mpira mfupi wa kudondosha karibu na neti, pale London haiinuki kabisa, mpinzani akifika mpira ushadunda mara ya pili. Alcaraz, seti nne fainali (wa kwanza kufikisha seti tatu ndo mshindi), dhidi ya Sinner.

Bekihendi:
Mkuu umeongea vizuri ila umeruka kitu kikubwa. Hao wawili wamekutana kwenye nyasi mara moja tu, Wimbledon hiyo hiyo 2022 raundi ya nne, na Sinner ndo alishinda, 6-1 6-4 6-7 6-3. Najua utaniambia walikuwa watoto, sawa, lakini sababu iliyomfanya ashinde bado ipo. Forehend ya Alcaraz, pigo lake la mkono wa kulia, ina mzunguko mkali, pale Paris kwenye French Open ya udongo mpira ukidunda unapanda mpaka begani, Sinner anapiga akiwa amenyoosha mikono juu hana raha. Kwenye nyasi mpira ule ule unabaki kiunoni, na mpira wa kiunoni ukimpa Sinner umejimaliza mwenyewe maana anaupiga mapema, umenyooka, hupati hata muda wa kurudi katikati. Mimi Sinner.

NyasiFupi:
Ila Bekihendi, Sinner huyo huyo juzi kwenye mashindano ya Halle, Ujerumani, katolewa na Bublik raundi ya pili, tena kwenye nyasi hizo hizo. Na Alcaraz kamfunga mara tano mfululizo, kwa jumla ni 8 kwa 4. Halafu wiki hii, mashindano yako mlangoni, Sinner kaachana na kocha wake wa viungo na mtaalamu wake wa tiba ya mwili. Mtu anayetulia kichwani anafanya hivyo sasa hivi?

DadaWaTanga:
Jamani mimi ile fainali ya Paris bado inaniuma na wala sio shabiki wa Sinner. Ilianza saa 10 jioni, nyumbani tumejaa wageni wa Idd, nikaegesha simu kwenye bakuli la sukari naosha vyombo huku naangalia. Seti ya nne Sinner anaongoza 5-3, Alcaraz anasevu, yaani yeye ndo anaanzisha mpira, sifuri kwa 40, pointi tatu za ubingwa, moja tu ingemtosha Sinner, nikafuta mikono nikajua imeisha naenda kukaa na wageni. Hazikuisha. Zile tatu zote zikapita, nikabaki nimesimama na kitambaa mkononi mpaka saa 3 na nusu usiku, masaa matano na dakika 29, na taibreka ya mwisho, zile pointi za kuamua seti ikiwa sare, 10-2 Alcaraz alicheza kama ndo kwanza ameingia uwanjani. Sasa swali langu kwa Bekihendi, wiki tatu zinatosha mtu kusahau kitu kama kile? Siku akisimama tena pointi ya ubingwa mbele ya mtu yule yule mkono hautakuwa mzito?

Bekihendi:
Dada hilo swali ni la haki na nimelifikiria sana. Ila angalia alichofanya baada ya zile tatu. Mtu mwingine seti ya tano angelala, yeye Alcaraz kasevu kumaliza mechi kwenye 5-4, Sinner akambreki, yaani akashinda gemu aliyosevu Alcaraz, akawa mbele 6-5. Aliyevunjika moyo hafanyi hivyo. Kuhusu Halle nakubali, siku ile hakucheza vizuri, lakini katoka mapema kapata siku za kupumzika wakati mwenzake anamalizia Queen's.

MzeeWaSenta:
Wanangu mnamzika mtu akiwa hai. Djokovic ana Wimbledon saba, na kila fainali ya wanaume iliyochezwa pale tangu 2018 yeye yumo. Mwaka jana kapasuliwa goti mwezi wa sita mwanzoni, katikati ya mwezi wa saba yuko fainali. Na huyo Alcaraz wenu Januari hii Australian Open pale Melbourne robo fainali nani alimtoa? Wimbledon Djokovic anahitaji moja tu amfikie Federer mwenye nane. Nyasi zinaokoa miguu ya mtu mzima maana pointi ni fupi, hapigi mipira 30 kama kwenye udongo, anarudisha sevu vizuri, mbili tatu imeisha.

NyasiFupi:
Shikamoo mzee. Heshima yake ipo pale pale na mimi nimekua nikimwangalia. Tatizo langu ni droo, kaangukia upande wa Sinner. Robo anaweza kukutana na Jack Draper, Mwingereza wa mkono wa kushoto, uwanja mzima ukiwa nyuma yake, halafu nusu Sinner ambaye kamfunga mara nne mfululizo, ya mwisho Paris seti tatu bila. Na akipita hapo bado Alcaraz anamsubiri. Kwa miaka 38, wote hao ndani ya siku tano!

MzeeWaSenta:
Marahaba. Ndo maana nasema akipewa siku ya kupumzika katikati mtaniita. Kitu kingine kinachonihuzunisha, mwaka huu waamuzi wa mistari hawapo tena, mashine ndo inaita mipira nje. Wale watu na nguo zao nadhifu walikuwa sehemu ya uwanja ule.

Wambo_254:
Mbona hakuna anayetaja wanawake? Mimi Wimbledon imenishika kabisa tangu 2022 Angella Okutoyi alipochukua dabo (wawili wawili) za wasichana akiwa na Rose Marie Nijkamp, Mkenya wa kwanza kushinda taji la Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi, kwa vijana, siku hiyo nililia. Kwa wanawake tangu Serena Williams 2016 kila mwaka bingwa ni mpya, hakuna aliyerudia. Sabalenka ni namba moja ila pale hajawahi kuvuka nusu, na Vondrousova kamtoa juzi kwenye mashindano ya nyasi ya Berlin. Mimi naenda na Rybakina, alichukua 2022, ile sevu yake kwenye nyasi ikikaa ndani hairudi.

DadaWaTanga:
Wambo nakuunga mkono, ila Vondrousova usimwache mbali, 2023 hakuna aliyempa nafasi na akabeba.

NyasiFupi:
Basi nabadilisha kidogo, hoja ya mpira wa kiunoni imeniingia. Alcaraz bado, lakini seti tano sio nne, na kama Sinner akichukua seti mbili za kwanza nitaanza kuogopa. Jumatatu saa 9 na nusu alasiri kwa saa zetu Alcaraz na Fognini wanafungua Senta Koti, uwanja mkuu wa Wimbledon, mimi siku hiyo natoka kazini mapema.

Bekihendi:
Sinner, seti nne. Sibadilishi.