Kitufe kimoja, akaunti tano: ni kucheza au ni wizi?

MchumaMajani: Tujadili bila matusi. Novemba 2020 kampuni ya Blizzard walipiga marufuku programu za kurusha vitufe kwenye gemu yao ya mtandaoni, World of Warcraft, zile za kubonyeza mara moja wahusika wako wote wakapiga pamoja. Akaunti nyingi bado ruksa, ila kila moja uibonyeze mwenyewe. Mimi nasema walichelewa. Nipo porini nachuma mimea, wanashuka madruidi kumi, wahusika wanaojigeuza wanyama, kwa umbo la ndege, wote wa mtu mmoja, wanainama pamoja, wanachuma, wanaruka. Mmea mmoja, mavuno kumi! Ni uvivu na ni wizi.

BabaTano: Uvivu? Umewahi kupanga HotkeyNet wewe, hiyo programu ya kurusha vitufe? Mimi ilinila wikiendi nzima. Madirisha matano, kila moja na jina lake, halafu skripti, yaani maagizo ya kuandika, ya kuelekeza kitufe kipi kiende wapi. Vitufe vya kutembea unavitoa kwenye orodha, la sivyo wanatawanyika na mmoja anaporomoka gengeni. Bado makro, amri fupi za ndani ya gemu, ya kumfuata kiongozi, na ya kumlenga adui ambaye kiongozi anampiga. Ukikosea jina la dirisha moja, mganga anasimama tu kundi zima linakufa. Na nalipa akaunti zote tano, dola 15 kila moja kwa mwezi. Nimemwibia nani?

ChumbaKimoja: Dola 75? Hiyo kwangu ni kodi ya miezi miwili. Basi mwenye hela ndiye mchezaji bora, sisi wengine tufunge kompyuta.

BabaTano: Hela zangu usinihesabie, kaka. Nakesha kazini kuzipata.

ChumbaKimoja: Sikuhesabu, umezitaja mwenyewe.

MchumaMajani: Na wengi wala hawatoi hela mfukoni. Wanauza mimea kwenye mnada wa ndani ya gemu, dhahabu ya humo wananunulia tokeni, tokeni inalipa siku 30 za akaunti. Bei ya mimea inaanguka, mimi wa akaunti moja natoka na kapu lisilonunulika. Huyo ndiye uliyemwibia.

BabaTano: Mimi sijawahi kuchuma hata jani. Naingia mapangoni, kunakotaka kundi, na wahusika wangu watano kwa sababu nikiingia na wageni natukanwa kwa kuchelewa, intaneti yetu mnaijua.

MezaYaPili: Hapo namwelewa. Ila CCP, kampuni ya gemu ya meli za angani EVE Online, waliliona hili mapema, wakakataza tangu 1 Januari 2015. Kupanga madirisha sawa, kurusha amri hapana. Mtu mmoja alikuwa anaachia mabomu ya kundi zima la meli kwa kidole kimoja. Binadamu kumi hawawezi kulingana hivyo, lazima mmoja achelewe.

BabaTano: Kwa hiyo kosa langu ni kutochelewa?

MezaYaPili: Ndiyo. Kwenye gemu ya watu wengi, kuchelewa kwa mwenzako ndiyo nafasi yangu.

ChumbaKimoja: Bado hajajibu la hela.

MgeniWaJiji: Samahani ChumbaKimoja, hicho chumba kipo mtaa gani? Natafuta kwa bei hiyo tangu mwezi uliopita.