Naomba ushauri: sikio linalia tangu shoo ya juzi

Wakuu, habari zenu. Nipo Chicago, na juzi usiku nilikwenda kwenye shoo ya noizi roki, ukumbi mdogo, watu kama sitini tumebanana. Muziki huu naupenda mno: gitaa linakwaruza, spika zinapigishwa mluzi makusudi, besi unaisikia kifuani kabla haijafika sikioni. Nilisimama hatua mbili tu kutoka kwenye spika, maji yakitetemeka ndani ya glasi mkononi, saa mbili nzima bila kuziba masikio.

Tangu hapo sikio la kushoto linalia nziii, na usiku kukiwa kimya ndiyo linazidi. Nimesoma kwamba kelele za desibeli 85 zisizidi saa 8 kwa siku, na kila zikipanda desibeli 3 muda unakatwa nusu. Kwenye 100 ni dakika 15 tu! Nimeogopa sana.

Mliopitia haya, mlio uliisha baada ya siku ngapi? Nimwone daktari wa masikio sasa hivi au nisubiri? Na wapiga ngoma mliomo humu, mnatumia viziba gani ambavyo bado unasikia matoazi vizuri? Tiketi ya Ijumaa ijayo ninayo tayari. Niende au niiuze?