Naomba ushauri: Tago Mago ya Can nisikilizeje?

Wakuu, habari za jioni. Nimenunua Tago Mago, albamu ya kundi la roki la Can la Ujerumani, ya mwaka 1971, santuri mbili. Ya kwanza imenikolea kabisa: wimbo wa Halleluhwah ni dakika 18 na ushee, na Jaki Liebezeit anapiga ngoma utadhani mashine, hanichoshi. Shida ni santuri ya pili. Aumgn ni miguno na mwangwi dakika 17. Mke wangu aliniuliza kama spika imekufa! Najua Holger Czukay, mpiga besi wao, alikata na kuunga kanda za mazoezi yao marefu kasrini, karibu na Köln, lakini sikio langu bado linakataa. Nivumilie, au nianze na albamu yao ya Ege Bamyasi ya 1972 ndipo nirudi?