Mario Lemieux ni wa ngapi? Tuongee bila "angekuwa"

Mleta mada:

Wakuu, salaam. Kila ukifunguliwa mjadala wa mchezaji bora wa wakati wote katika hoki ya barafuni, majina manne ya juu ni yale yale: Wayne Gretzky, Bobby Orr, Gordie Howe na Mario Lemieux. Hata jarida la The Hockey News lilipopanga wachezaji 50 bora mwishoni mwa miaka ya 1990, lilitoa hao hao kwa mpangilio huo huo. Ugomvi uko kwa huyo wa nne.

Mashabiki wa Pittsburgh Penguins, timu ya Lemieux, wana wimbo mmoja: angekuwa mzima, rekodi zote za Gretzky zingekuwa zake. Wanaompinga nao wana wao: kacheza mechi 915 tu, Gretzky 1,487, Howe 1,767, hoja imefungwa. Naona pande zote mbili zinakwepa kumtazama mtu mwenyewe akicheza. Mechi ambazo hakucheza mimi nazifuta, zisimbebe wala zisimzamishe. Nikishazifuta, bado namweka wa tatu, juu ya Howe.

Tuanzie Mei 1991, fainali ya Kombe la Stanley (ubingwa wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini), mechi ya pili dhidi ya Minnesota North Stars. Lemieux anapokea kisahani (lile duara jeusi wanalogombea badala ya mpira) akiwa kwenye kasi, mbele yake mabeki wawili wanarudi kinyumenyume. Anampiga tobo Shawn Chambers, yeye mwenyewe anapenya katikati yao, anakikuta kisahani upande wa pili. Kipa Jon Casey anajitupa, jamaa anakihamisha upande mwingine wa gongo na kukisukuma wavuni huku akianguka. Huyu ni mtu wa futi 6 na inchi 4. Wengi wa urefu ule enzi zile walisajiliwa kugonga wenzao, chenga waliwaachia wafupi.

Tena mgongo wake ulikuwa mbovu. Julai 1990 alifanyiwa upasuaji wa diski, akakosa mechi 50 za mwanzo wa msimu. Ilifika mahali hawezi kuinama afunge kamba za viatu vyake, akawa anafungiwa. Mechi iliyofuata baada ya bao lile hakucheza, mgongo ulikataa. Kombe walilibeba mechi ya sita kwa 8-0, na yeye alimaliza na pointi 44 katika mechi 23 za mtoano. Kwa msioufuatilia mchezo huu, bao ni pointi moja na pasi ya bao ni pointi moja. Aliyewahi kupita 44 kwenye mtoano mmoja ni Gretzky peke yake, 47 mwaka 1985.

Halafu msimu wa 1992-93. Januari 1993 anaambiwa ana saratani ya tezi za limfu, ile iitwayo Hodgkin. Anakaa nje kama miezi miwili akipigwa mionzi. Machi 2 asubuhi anamaliza dozi ya mwisho, siku hiyo hiyo anapanda ndege kwenda Philadelphia, usiku yuko barafuni. Akafunga moja na kutengeneza jingine. Mashabiki wa Philadelphia, ambao mtu wa Pittsburgh hawampi hata salamu, walisimama wakampigia makofi. Wakati anarudi, Pat LaFontaine wa Buffalo alikuwa mbele yake kwa pointi 12. Mwisho wa msimu Lemieux alikuwa na 160 kwa mechi 60, LaFontaine 148 kwa mechi 84. Na Penguins walishinda mechi 17 mfululizo kati ya Machi na Aprili, rekodi ya ligi.

Najua kuna atakayesema "angecheza zote 84 angefika mbali zaidi". Sihitaji. 160 kwa mechi 60 inajitosheleza. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, umepamba vizuri ila umeruka kitu. Miaka ya 80 na mwanzoni mwa 90 mabao yalikuwa bwerere. Makipa walivaa pedi ndogo na mbinu zao za kujikinga zilikuwa za kizamani. Ndiyo maana mtu aliweza kupata pointi 199 kwa msimu mmoja kama yeye 1988-89. Usiku wa kuamkia mwaka 1989 aliwafunga New Jersey Devils matano kwa njia tano: timu zikiwa sawa, New Jersey wakiwa pungufu, Penguins wakiwa pungufu, kwa penati, na kwenye goli lisilo na kipa. Inasisimua, sikatai. Ila mpeleke kwenye ligi ya mabeki wa kweli uone.

Mleta mada:

Alipelekwa, kaka, na majibu yapo. Msimu wa 1994-95 hakucheza kabisa kwa uchovu wa matibabu na mgongo. Akarudi 1995-96 akiwa na miaka 30, mabao kwenye ligi yakiwa yameshashuka sana kuliko miaka ya 80. Alipata pointi 161 kwa mechi 70, akafunga 69 na kuongoza ligi. Mwaka uliofuata akaongoza tena kwa 122, kisha akastaafu. Hao mabeki wa kweli ndio hao.

Mchangiaji wa pili:

Mimi sina shida na Lemieux, nina shida na mizani yako. Unasema unafuta mechi zisizochezwa halafu unamwacha Orr nafasi ya pili? Orr alicheza mechi 657 tu, goti likammaliza. Sifa yake si hiyo hiyo ya "angekuwa"?

Mleta mada:

Swali zuri, mkuu, ila Orr haihitaji hiyo sifa. Ni beki aliyeongoza ligi kwa pointi mara mbili, 1970 na 1975, na hakuna beki mwingine aliyewahi kufanya hivyo hata mara moja. Tuzo ya beki bora alichukua miaka minane mfululizo. Alibadilisha kazi ya beki akiwa hai uwanjani. Lemieux, pamoja na mapenzi yangu yote, hakubadilisha kazi ya mtu. Alikuwa anaifanya vizuri kuliko karibu wote.

Na kwa kuwa tuko kwenye mizani, wastani nao una hila. Lemieux alipostaafu 1997 alikuwa na pointi 1,494 kwa mechi 745, yaani zaidi ya mbili kila mechi, juu ya Gretzky aliyemaliza na 1.92. Angebaki nyumbani, leo tungekuwa tunamtaja wa kwanza kwa wastani. Akarudi Desemba 2000, akiwa tayari ni mmiliki wa timu iliyokuwa haijamlipa mshahara wake wote, akacheza mechi 170 zaidi na wastani ukashuka hadi 1.88. Kwangu kurudi kule hakukumpunguzia kitu. Wanaopanga watu kwa wastani pekee watuambie wao walimshusha lini.

Mchangiaji wa tatu:

Naomba kutofautiana nawe kuhusu Howe. Mzee yule alikuwa ndani ya watano bora wa ligi kwa pointi misimu 20 mfululizo. Ishirini! Makombe manne, tuzo sita za mchezaji bora wa ligi. Lemieux wako ana makombe mawili na tuzo tatu. Unawezaje kumweka juu?

Mleta mada:

Kwa urefu wa safari Howe hana mpinzani, mzee wangu, hapo nanyoosha mikono. Mimi napima kilele. Nitajie msimu mmoja wa Howe unaosimama na ule wa 1992-93.

Mchangiaji wa tatu:

1952-53. Howe pointi 95, anayemfuata Ted Lindsay 71. Pengo la 24 kwenye ligi ambayo 71 ilitosha kuwa wa pili. Na zilikuwa timu sita tu, maana yake unakutana na makipa bora wa dunia kila wiki.

Mleta mada:

Hiyo nzito, na ungeileta mapema ungenipunguzia maneno. Lakini kipa aliyechukua tuzo ya makipa msimu ule ni Terry Sawchuk, na alikuwa anadaka Detroit, timu ya Howe mwenyewe. Kati ya makipa sita, mgumu kuliko wote Howe alikuwa anakutana naye mazoezini.