Mtaa wetu umekusanya mawe na nguvu kazi: tuanzie ofisi gani ili serikali ituunge mkono?

Mbuyuni41
Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wengine wote. Ninaishi katika mtaa mmoja wa pembezoni mwa Jiji la Dodoma uliojengeka kabla ya kufikiwa na ramani za mipango miji: nyumba zimebanana, njia nyingi zinatosha mkokoteni tu, na korongo linalokatiza katikati hupanuka kila masika, kiasi kwamba msimu uliopita lilimeza choo cha jirani yangu. Tumeitisha msaragambo, mawe yako tayari, na kila kaya imeahidi mchango. Hata hivyo, kila ofisi tunayobisha hodi inatuelekeza kwenye nyingine. Wapo wanaotuambia tuombe ile asilimia 10 ya halmashauri. Je, fedha hizo zinaweza kujenga mtaro na kivuko?

Mtendaji Mstaafu
Marahaba, ndugu yangu. Jibu fupi ni hapana. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni mikopo isiyo na riba kwa vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo hurejeshwa, na mtaro hauzalishi marejesho. Vijana wenu wanaweza kukopa kwa ajili ya mashine ya kufyatulia matofali au mradi wa kuzoa taka, lakini hilo ni jambo jingine.

Ninyi mnahitaji kuingia kwenye bajeti, na njia yake huanzia kwenye muhtasari wa mkutano. Nilipokuwa kazini niliona maombi mengi mazuri yakikwama kwa sababu yalikuja kama barua ya watu watano wenye hasira, badala ya azimio la mkutano mkuu wa mtaa lenye orodha ya mahudhurio na saini. Azimio hilo hupelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, ndipo lipande halmashauri. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, kwa hiyo ombi linalofika Aprili huwa limechelewa hata likiwa na picha za kutisha. Kama korongo linaharibu barabara iliyo chini ya TARURA, yaani wakala wa barabara za vijijini na mijini, nakala iende kwao pia. Kama haligusi barabara yao, msishangae kurudishwa jiji.

Binti Kinondoni
Nimehamia Dodoma kikazi, ila nimekulia jirani na Hanna Nassif, Dar es Salaam, ambako katika miaka ya 1990 wakazi walijenga mifereji ya maji ya mvua na barabara za ndani kwa mikono yao, wakisaidiwa na serikali pamoja na wafadhili wa kimataifa. Tofauti na msaragambo wenu ni kwamba waliofanya kazi walilipwa ujira, na kamati ya wakazi ndiyo iliyosimamia. Ninashauri mkubaliane mapema nani atazibua mtaro baada ya kujengwa, kwa sababu mtaro uliojaa taka hurudisha maji ndani ya nyumba zile zile. Tena, msiwasahau wapangaji. Mtaa ukipendeza kodi hupanda, na aliyebeba mawe anaweza kuwa wa kwanza kufungasha virago.

Mgogo wa Mjini
Mimi nina shaka na hamasa hii. Mji huu ulipangwa na CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, tangu 1973 hadi ilipovunjwa mwaka 2017, na katika maeneo yaliyopimwa sijaona mkazi akiombwa abebe mawe ili apate mtaro. Kwa nini maskini alipie kwa jasho huduma ambayo mwenzake huikuta tayari? Pamoja na hayo, kwa kuwa mmekwisha kuamua, msiweke jiwe hata moja kabla ofisa mipango miji hajawaonyesha mpaka wa eneo la hifadhi ya korongo. Mkijenga ndani yake, mtaamka siku moja mkute alama ya X nyekundu ya kubomolewa ukutani. Ulizeni pia kuhusu urasimishaji, yaani kupimwa na kutambuliwa rasmi kwa makazi yaliyojengwa bila mpango, kwa sababu njia zikitengwa rasmi kwenye mchoro, hakuna atakayeweza kuziziba kwa ukuta.

Mtendaji Mstaafu
Swali la haki ni la kweli, ndugu Mgogo, wala sina jibu litakaloniridhisha mimi mwenyewe. Ninachojua ni kwamba mbele ya kamati, mtaa uliokwisha kuanza husikilizwa kuliko uliokaa kusubiri. Mbuyuni, thamini nguvu zenu kwa shilingi: idadi ya tripu za mawe, siku za kazi, risiti za saruji. Mwombe mhandisi wa jiji awaandalie makadirio, kisha onyesheni sehemu mliyokwisha kubeba na sehemu mnayoomba.

Mbuyuni41
Ahsanteni sana. Mawe tumeyahesabu kuwa tripu 14, lakini siku za kazi hatukuziandika popote. Nimemwomba mwenyekiti wa mtaa aitishe mkutano Jumamosi, na wapangaji nao waalikwe. Mawe yatabaki pale pale uwanjani mpaka ofisa mipango miji aje kutuonyesha mpaka.